Kupanda miti mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa kamati za mtaa, vikundi vya vijana na akina mama, shule, na wakazi wanaotaka miti kando ya barabara, kwenye viwanja vya wazi na mbele ya nyumba zao. Hatuzungumzii mashamba ya miti wala hifadhi. Mjini mti unagombea nafasi na bomba, waya, matairi na zege, kwa hiyo mambo mengi yanayofaa shambani hapa hayafai.

Tuanze na kutafuta miche au kutafuta mahali?

Anzeni na maji, na majina ya watu watakaoyabeba. Miche ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Mara nyingi hutolewa bure, na hapo ndipo kamati nyingi hupotea. Zinapokea miche 500 kwa kuwa imetolewa, kisha zinahangaika kutafuta pa kuichomeka.

Zungukeni mtaa kwa miguu mkiwa na daftari. Kwa kila mahali panapoonekana pafaa, andikeni mambo manne: upana wa udongo ulio wazi, kilichopo juu (waya, paa, bango), kinachopita chini (bomba, nyaya, karo), na jina la mtu anayeishi au anayefanya kazi hatua chache kutoka hapo aliyekubali kwa mdomo wake kumwagilia. Likikosekana la nne, futeni mahali hapo kwenye orodha hata kama panavutia namna gani.

Mtaa mmoja upande miti mingapi kwa msimu?

Pigeni hesabu ya maji kwanza. Mche uliopandwa karibuni unahitaji lita 20 kila mara, mara tatu kwa wiki mvua isiponyesha. Hizo ni lita 60 kwa mti mmoja. Miti 50 inataka lita 3,000 kwa wiki, yaani ndoo 150 za lita 20, wiki baada ya wiki mpaka mvua irudi. Ndoo hizo zina wabebaji? Kaya moja kwa kawaida huweza kuhudumia miti miwili, mitatu ikijitahidi. Kwa hiyo kaya 20 zenye nia ya kweli ni miti 40 hadi 60, basi.

Idadi hiyo huwakatisha tamaa wafadhili wanaopenda tarakimu kubwa. Waambieni hivyo hivyo.

Ruhusa inatoka kwa nani?

Ardhi ya barabara ina mwenyewe, hata kama haina uzio. Kwa kawaida kuna wa kuulizwa wanne: serikali ya mtaa au manispaa, mamlaka ya barabara, shirika la maji na shirika la umeme. Ombeni kwa maandishi, mkiambatanisha ramani ya mkono inayoonyesha kila shimo na umbali wake kutoka ukingo wa barabara. Swali muhimu kuliko yote ni kama kuna mpango wa kupanua barabara au kulaza bomba. Mti wa miaka mitatu uking'olewa na mkandarasi, kinachopotea zaidi ni moyo wa waliouhudumia. Kuwarudisha kwenye kazi hiyo ni vigumu.

Tuache umbali gani kutoka ukuta, bomba na waya?

Pimeni kwa ukubwa wa mti ukishakomaa. Ukubwa wa mche hauna maana yoyote hapa. Mti mdogo usiozidi mita 6 au 7 uachiwe mita 2 hadi 3 kutoka ukutani. Mti wa kati wa mita 10 hadi 12 uachiwe mita 4 au 5. Mti mkubwa uachiwe mita 8 na zaidi. Kati ya mti na mti acheni mita 4 hadi 5 kwa midogo, 7 hadi 8 kwa ya kati, na 10 hadi 12 kwa mikubwa. Mtaonekana mmeacha mapengo makubwa mno, na watu watakuja kuwaambia mjaze. Msijaze.

Chini ya waya za kawaida za mtaani pandeni tu miti ambayo ikikomaa haifiki mita 6. Chini ya njia kuu ya umeme msipande kitu. Mti unaolazimika kukatwa kichwa kila mwaka ili usiguse waya huota matawi mengi dhaifu, huoza pale ulipokatwa, na mwishowe huwa hatari kuliko waya wenyewe. Kwenye makutano ya barabara acheni mita 8 hadi 10 ili madereva waonane.

Kuhusu mabomba, hofu ni kubwa kuliko ukweli. Mizizi haitoboi bomba zima. Huingia kwenye ufa au kiungio kinachovuja, maana unyevu ndio unaoiita. Bomba bovu la maji taka huzibwa na mizizi, bomba zima hupitwa kando. Miti ya jamii ya mkuyu ndiyo ya kuogopwa kweli, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji mbali na huinua sakafu na misingi. Hiyo ikae uwanjani, mbali na nyumba na karo.

Kumbukeni pia kwamba mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na inatambaa kwa upana kupita ncha za matawi. Ile picha ya mti wenye mizizi iliyozama chini sawa na urefu wa shina haipo mjini.

Aina gani ya mti inafaa?

Hakuna mti wa mjini wa jumla. Kuna mti wa mahali fulani, na maswali ya kuuliza ni haya: utakuwa mrefu na mpana kiasi gani, mizizi yake ikoje, matawi yake yanavunjika kirahisi, unaangusha nini chini, na unavumilia ukame na udongo uliobanwa?

Mwarobaini unavumilia jua kali na udongo duni, na kivuli chake ni kizuri. Mkungu huangusha majani makubwa yanayoziba mitaro, kwa hiyo uwe mbali na mtaro wa mvua. Mkrismasi, ule wa Delonix regia wenye maua mekundu, unapendeza sana lakini mizizi yake iko juu juu na itainua njia ya waenda kwa miguu. Mlonge unakua haraka na unavunjika haraka. Mkaratusi unakunywa maji mengi na haustahili kuwa karibu na kisima. Mwashoki mwembamba unaochongoka kama mshumaa unafaa sehemu finyu, ila ukitaka kivuli utakaa juani: hautandi.

Jihadharini na miti inayosambaa yenyewe. Mlusina umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyoandaliwa na umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, na bado hugawiwa kama mche wa bure. Kwenye orodha hiyo hiyo umo Spathodea campanulata, mti wa asili ya Afrika wenye maua ya rangi ya moto, ambao ukiwa kwao hauna tatizo, lakini visiwani Pasifiki umekuwa janga. Kwa hiyo swali la kuuliza kitaluni ni kama mti huo ni wa asili ya eneo lenu, na kama si wa asili, una tabia gani ukishatoa mbegu.

Kwa nini tusipande aina moja tu, barabara ipendeze?

Kwa sababu ugonjwa mmoja utaimaliza barabara nzima. Miji ya Amerika Kaskazini ilipanda mielmu, miti mikubwa ya kivuli, kila mahali, na kuvu lililoenea karne ya 20 likaiua kwa mamilioni. Mingi ya miji hiyo ikaziba mapengo kwa miti ya jenasi (kundi la aina zilizo karibu kiukoo) ya Fraxinus, tena barabara baada ya barabara. Mwaka 2002 mdudu mtoboaji kutoka Asia akagundulika eneo la Detroit, Marekani, na tangu hapo amekuwa akiua miti hiyo nayo kwa mamilioni.

Mtaalamu wa miti Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kanuni ambayo bado inatumika: aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi 20, na familia moja isizidi 30. Kwa mtaa wa miti 50, hiyo ni angalau aina kumi. Angalieni familia pia. Mwembe na mkorosho ni familia moja. Mwarobaini na mkangazi vilevile. Mkitaka barabara ionekane ya mpangilio, chagueni aina tofauti zenye umbo na ukubwa unaofanana.

Miti ya matunda barabarani?

Uani na shuleni, ndiyo, tena kwa wingi. Mti wa matunda hupata mtunzaji bila kuombwa. Kando ya barabara fikirini mara mbili. Maembe huangukia vioo vya magari, zambarau huchafua njia na nguo, na watoto hurusha mawe. Barabara zenye magari mengi huweka vumbi lenye madini mabaya juu ya matunda na udongoni, kwa hiyo yaoshwe vizuri kabla ya kuliwa. Na amueni kabla ya kupanda nani ana haki ya kuchuma. Ugomvi wa embe la kwanza umeua miti.

Miche mikubwa au midogo?

Uani na sehemu zenye uzio, mche wa sentimita 30 hadi 60 kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) unatosha, na mara nyingi utaupita ule mkubwa baada ya miaka michache. Mti mkubwa uliohamishwa hukaa muda mrefu ukijenga mizizi kabla ya kukua tena. Kadirio la kawaida ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Barabarani mambo ni tofauti. Mche wa sentimita 40 hauponi kwa bodaboda. Huko tumieni wa mita 1.5 hadi 2, wenye shina linalosimama lenyewe.

Kitaluni msichague kwa urefu wa majani. Kamateni shina karibu na udongo mlisukume taratibu: mche mzima hutikisika pamoja na udongo wake, mbovu huchezacheza ndani ya udongo. Geuzeni kiriba mtazame chini. Mizizi minene iliyotoboa na kuingia ardhini maana yake mche umekaa mno, na kuung'oa hapo tayari kumekata sehemu ya mizizi. Mkataeni mche mrefu, mwembamba, wenye majani mororo ya kivulini. Mche ulio tayari huwa umepunguziwa maji na kuzoeshwa jua kwa wiki tatu au nne kabla ya kutoka.

Shimo liwe la ukubwa gani?

Pana, na si refu bila sababu. Upana uwe mara mbili hadi tatu ya donge la udongo wa mche. Kina kiwe sawa na urefu wa donge. Kwenye udongo wa mjini uliobanwa na magari na vifusi, chimbeni sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60, ili kuvunja tabaka gumu, lakini rudishieni udongo wa chini na kuushindilia kwa mguu mpaka kina kilichobaki kilingane na donge. Mche ukikaa juu ya udongo uliolegea, utazama baada ya mvua mbili tatu, na shina litakaa shimoni.

Kabla ya kupanda, jaribuni kama maji yanatoka. Jazeni maji kwenye shimo la sentimita 30, yaacheni yaishe, jazeni tena. Yakishuka kwa kasi isiyofika sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo patatuama na mizizi itaoza. Inueni tuta dogo mpande juu yake, au tafuteni pengine.

Mkichimba, wekeni udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Toeni mawe, mifuko ya plastiki, vipande vya saruji. Kuta za shimo zikiwa laini kama zilizopigwa lipu, zikwaruzeni kwa ncha ya jembe, la sivyo mizizi itazunguka humo ndani kama imo kwenye chungu. Panga timu za watu watatu: wawili wachimbe kwa zamu, mmoja achague udongo. Mashimo yachimbwe siku moja au zaidi kabla ya siku ya kupanda, na yafunikwe au yawekewe alama usiku. Mtoto au mlevi kuvunjika mguu ndani ya shimo lenu ni mwisho wa mpango.

Na kiriba? Kuna wanaopanda nacho.

Kitoeni chote. Kukikata chini tu na kukiacha pembeni hakutoshi.

Mwagilieni mche saa moja kabla. Ulazeni, chaneni kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, kisha kikunjueni mkiwa mmeshika donge kwa kiganja, kamwe msimwinue mche kwa shina. Sasa tazameni mizizi. Mkiona nyuzi zinazozunguka donge, na chini zimejikunja kama kata ya kubebea maji kichwani, zikateni: mikato mitatu au minne ya wima yenye kina cha sentimita moja pembeni, na kipande cha sentimita mbili au tatu kitoke chini kabisa. Inatia huruma, ila mzizi uliozoea kuzunguka hauachi. Utanenepa ukizunguka, na mti ukifika miaka minane au kumi utajinyonga wenyewe au kuanguka kwa upepo wa kawaida.

Wekeni mche ili pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi pawe usawa wa ardhi au sentimita mbili tatu juu yake. Miche mingi ya kitalu ina udongo wa ziada juu ya sehemu hiyo. Uondoeni kwa vidole mpaka muione. Rudishieni udongo wa juu kwanza, shindilieni kwa mikono kuondoa hewa, malizieni na ule wa chini, na zungushieni kingo ya udongo yenye kipenyo cha mita moja ili maji yasikimbie. Mwagilieni lita 20 papo hapo, hata kama kunanyesha. Maji hayo hukaza udongo kwenye mizizi.

Tuweke mbolea shimoni?

Mbolea ya viwandani, hapana. Huunguza mizizi michanga. Samadi mbichi vilevile. Samadi iliyooza au mboji, debe moja iliyochanganywa vizuri na udongo wa shimo, inafaa udongo ukiwa mchanga mtupu au kifusi. Kwenye udongo mzuri haihitajiki, na kurundika mboji shimoni tu huifanya mizizi iridhike humo isitoke nje.

Wakati gani mzuri wa kupanda?

Mvua ikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini. Chimbeni mpime kwa rula. Mvua ya kwanza huwa inadanganya. Penye majira ya baridi, pandeni baada ya majani kupukutika au kabla hayajachipua. Siku ya jua kali pandeni jioni. Siku ya mgeni rasmi, ikiangukia kiangazi, tumieni miti miwili au mitatu ya kupigia picha na iliyobaki isubiri.

Tumwagilie vipi, na mpaka lini?

Maji mengi kwa nafasi ni bora kuliko kidogo kila siku. Kikombe cha kila asubuhi hulowesha sentimita chache za juu, mizizi inabaki huko huko juu, na jua la siku tatu linaimaliza. Mwezi wa kwanza na wa pili: lita 20, mara tatu kwa wiki. Hadi mwisho wa mwaka wa kwanza: lita 20 hadi 30 mara moja kwa wiki. Mwaka wa pili na wa tatu: kila baada ya wiki mbili wakati wa ukame. Mvua nzuri ya kulowesha huhesabika kama zamu moja, manyunyu hayahesabiki.

Udongo mgumu haunywi lita 20 kwa mkupuo. Maji yanakimbilia barabarani. Chukueni ndoo au dumu kuukuu la lita 20, toboeni matundu mawili chini kwa msumari, liwekeni karibu na donge la mizizi, lijazeni mwondoke. Litachuruzika taratibu na lote litaingia. Lifunikwe juu ili mbu wasizaliane, na liandikwe jina la mwenye mti, kwa sababu dumu zima hupotea na lenye matundu halimfai mwizi.

Kabla ya kumwagilia, chomekeni kidole au kijiti sentimita 10. Pakiwa na unyevu, acheni. Mche unaozama kwenye maji hunyauka sawasawa na wenye kiu, na mtu mwenye huruma huuongezea maji mpaka ufe.

Maji ya kufulia yanafaa?

Ya kusuuzia mara ya mwisho, ndiyo. Ya kwanza yenye povu, hapana, maana yana chumvi nyingi. Yenye dawa ya kung'arisha nguo, kamwe. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni mazuri.

Matandazo ni lazima?

Karibu lazima. Nyasi kavu, majani au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, upana wa mita moja, hupunguza maji yanayopotea na huzuia magugu. Acheni nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina. Matandazo yaliyorundikwa hadi kwenye gome hulioza, na ni kosa linaloonekana hata kwenye bustani za gharama kubwa.

Penye mchwa tumieni majani mabichi na mboji badala ya mbao na nyasi kavu, na angalieni kila wiki. Mchwa hupenda mche wenye kiu, kwa hiyo maji ni kinga ya kwanza. Handaki la udongo likionekana shinani, livunjeni na mlisugue.

Kijiti cha kuegemeza kinahitajika?

Mche ukisimama wenyewe, usiufunge. Shina hukomaa kwa kutikiswa na upepo. Ukihitaji, tumieni nguzo mbili nje ya donge la mizizi, moja kila upande, na mkanda laini, kwa mfano mpira wa ndani ya tairi, uliofungwa kwa umbo la namba 8 bila kubana. Waya na kamba ya nailoni hukata gome. Ondoeni vyote baada ya mwaka. Andikeni tarehe ya kuondoa kwenye daftari siku ile ile mnayofunga, kwa kuwa kamba iliyosahaulika hukaba mti uliokuwa umeshanusurika.

Mbuzi, bodaboda na wachoma taka?

Hawa huua zaidi ya wadudu. Kwa mbuzi: fito nne hadi sita au wavu wa chuma, kimo cha mita 1.2 kwa mche mdogo, umbali wa sentimita 40 kutoka shinani ili ulimi usifike. Miiba iliyofungwa nje husaidia. Kwa magari na pikipiki: mawe makubwa mawili au nguzo fupi upande wa barabara huzuia vizuri kuliko kibao cha maneno. Kwa moto: ulizeni taka zinachomwa wapi na msipande hapo, au tafuteni kwanza pengine pa taka. Gome likiungua kuzunguka shina lote, mti umekufa hata kama majani bado ni ya kijani.

Mekanika akimwaga oili chafu chini ya mti, kusafisha baadaye hakusaidii sana. Mpeni yeye mti wa kutunza. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa.

Mche umenyauka. Umekufa?

Kwaruzeni gome la kijitawi kwa ukucha. Kijani na unyevu ndani: uko hai. Kahawia na kavu: shukeni chini mkwaruze tena, mpaka karibu na udongo. Miti mingi huchipua upya kutoka chini.

Ukiwa hai, tafuteni sababu kabla ya kufanya lolote. Ncha za majani zilizokauka zikiwa kahawia huonyesha kiu, chumvi au mbolea kali. Majani ya njano yanayoanguka na udongo umelowa ni maji kupita kiasi. Mche uliodumaa mwaka mzima bila kunyauka huwa umepandwa kwa kina kirefu au na kiriba, fukueni mwone. Ulionyauka upande mmoja tu, tazameni mizizi ya upande huo: mara nyingi kuna mtu kachimba mtaro.

Tumeambiwa tuzungushie saruji ipendeze. Sawa?

Hapana. Mizizi inahitaji hewa na maji, na shina linahitaji pa kunenepea. Acheni udongo wazi usiopungua mita moja kwa mita moja. Mti mkubwa unataka zaidi ya hapo. Mkilazimika kuweka vitofali, visiungwe kwa saruji na visogezwe kila mti unaponenepa. Rangi ya mafuta shinani haifai. Chokaa nyembamba haina madhara.

Kupogoa kunaanza lini?

Siku ya kupanda kateni tu tawi lililovunjika. Majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu chagueni shina kuu moja, ondoeni linaloshindana nalo, na kateni matawi ya chini kidogo kidogo ili watu wapite. Msiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja.

Tawi nene hukatwa mara tatu: mkato mdogo chini, sentimita 30 kutoka shinani, mkato wa juu mbele kidogo ya hapo ili tawi lidondoke bila kuchana gome, kisha kisiki kilichobaki kikatwe nje kidogo ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Uvimbe huo msiuguse, ndio unaofunga kidonda. Kidonda msipake rangi wala lami. Penye waya za umeme, waiteni wenye umeme wao.

Jirani hataki mti mbele ya nyumba yake.

Basi usipandwe hapo. Mti uliolazimishwa humwagiwa maji ya moto au chumvi usiku. Msikilizeni, kwani mara nyingi ana hoja: majani kwenye bati, wezi kujificha, biashara yake kutoonekana. Hoja ya pili na ya tatu hutatuliwa kwa kuchagua mti wa shina refu lisilo na matawi ya chini. Wengine hubadili mawazo wakiona kivuli cha mwenzao.

Tutajuaje kama tumefanikiwa?

Hesabuni miti iliyo hai baada ya miezi 3, 12, 24 na 36. Kila mti uwe na namba, aina, tarehe, mahali, mtunzaji, na safu ya hali yake. Daftari la kawaida linatosha; simu nzuri huongeza picha. Pimeni unene wa shina mahali pale pale kila mwaka, sentimita 30 kutoka ardhini kwa michanga na mita 1.3 kwa mikubwa. Andikeni sababu ya kila kifo. Baada ya misimu miwili, safu hiyo itawaambia kama tatizo lenu ni mbuzi, maji au kitalu.

Msijidanganye kuhusu umri. Watafiti Lara Roman na Frederick Scatena walichambua mwaka 2011 tafiti za miti ya barabarani na kukadiria kwamba wastani wa maisha yake ni miaka 19 hadi 28. Miti ileile msituni ingeishi zaidi ya hapo mara kadhaa. Kwa hiyo kuhudumia mti mkubwa uliopo tayari mtaani kuna faida ya haraka kuliko kupanda kumi mipya. Upanueni udongo wake, ondoeni misumari na mabango, zuieni mitaro isikate mizizi yake.

Watunzaji walipwe?

Ikiwezekana, na walipwe kwa mti ulio hai. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Freetown, Sierra Leone, mpango ulioanza 2020 unawalipa wakazi kufuatilia miti na kuithibitisha kwa picha za simu. Malipo ya siku ya kupanda huzaa mashimo mengi na miti michache. Kama fungu ni dogo, tengeni angalau nusu yake kwa maji, uzio na ufuatiliaji kabla ya kununua mche wa kwanza.

Na ile misitu midogo ya kubanana?

Ni njia ya mtaalamu wa mimea wa Japani, Akira Miyawaki: aina nyingi za asili, takriban miche mitatu kwa mita ya mraba, udongo ukiwa umelainishwa na kurutubishwa kwanza. Mita 100 za mraba hutaka miche 300, na palizi na maji kwa miaka miwili hadi mitatu. Inafaa kona ya shule au kiwanja kilichoachwa. Haifai anayetaka kivuli cha kukalia, kwa sababu ndani hapapitiki.

Mti ukifa, tupande tena pale pale?

Baada ya kujua umekufa kwa nini. Ukiwa umeuawa na mbuzi au kiu, ndiyo, msimu ujao, na uzio au mtunzaji mpya. Ukiwa umeoza mizizi, toeni udongo wote wa shimo, rudieni jaribio la maji, na wekeni aina nyingine. Ikifa miwili mfululizo mahali pamoja, fukieni shimo, sogeeni mita tano.